Nusu ya Ngapi? Samoni, Mikataba na Vyuo vya Wenyeji

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Tangazo la mhadhara huu lilipobandikwa, rafiki yangu aliniuliza kama nimechanganya karatasi mbili. Haki za uvuvi za wenyeji wa asili na uendeshaji wa elimu ya juu, wapi na wapi? Naomba twende jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, halafu mtamjibu kwa niaba yangu.

Tarehe 26 Desemba 1854, gavana Isaac Stevens alitia saini mkataba na makabila ya wenyeji, Wanisqually, Wapuyallup na majirani zao, pale Medicine Creek. Mazungumzo yalifanyika kwa Kichinook cha biashara, lugha ya masoko yenye maneno mia chache. Hebu jaribu kumweleza mtu habari za kuhamisha umiliki wa ardhi kwa lugha ya kupatana bei ya ngozi! Ardhi ikaenda. Kitu kimoja wenyeji walikataa kukitoa: haki ya kuvua samaki mahali pao pa siku zote, "kwa pamoja na" raia wote wa eneo lile. Yashikeni hayo maneno matatu. Yalisumbua watu kwa miaka 120.

Nasema walikataa kuitoa, sisemi walipewa. Mwaka 1905, katika kesi ya Winans, Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba katika mkataba wa namna hiyo wenyeji ndio waliotoa; ambacho hawakukitoa kilibaki chao. Asiyelishika hili atayasikia yote yatakayofuata kama habari za hisani.

Jimbo lilielewa vingine. Kwalo, "kwa pamoja na" ilimaanisha mwenyeji avue kama raia yeyote, kwa leseni na msimu uliopangwa na jimbo. Watu wakakamatwa, nyavu zikachukuliwa. Billy Frank Jr., Mnisqually, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na hadi mapambano yanaisha alikuwa amekamatwa zaidi ya mara 50. Sababu iliyotajwa ilikuwa uhifadhi, na kweli samoni, samaki waliokuwa wakigombaniwa, walikuwa wanapungua. Lakini samoni hurudi mtoni akitokea baharini, na huko baharini meli za uvuvi wa biashara zilikuwa zimeshamsubiri. Anayevua mtoni hupata masazo, kisha huambiwa yeye ndiye aliyemaliza chungu.

Tarehe 12 Februari 1974, Jaji George Boldt wa mahakama ya shirikisho alitoa hukumu. Alikuwa amemsikiliza mwanaanthropolojia Barbara Lane akieleza wenyeji wa 1854 waliyaelewaje maneno yale, akaamua: "kwa pamoja na" ni kugawana sawa. Makabila ya mkataba yana haki ya kupata hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa bila kuharibu kizazi. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ikaiunga mkono hukumu hiyo kwa sehemu kubwa.

Hapo ndipo mimi huwa napunguza mwendo. Nusu ya ngapi?

Ili kugawa nusu lazima kwanza ujue wanarudi wangapi, na wangapi waachwe wapande juu wakatage. Mtu huyo anayekaa kingoni mwa mto akihesabu samaki mmoja mmoja, anayepasua na kuangalia mayai, anayeandika jedwali linaloletwa mezani asubuhi ya mazungumzo, ametoka chuo gani? Kwa miaka mingi alitoka vyuo vya jimbo na kuajiriwa na idara ya jimbo, yaani upande ule ule uliokuwa ukikamata. Mwenye hesabu ndiye mwenye mto. Hukumu ikikupa nusu ukaenda kumwuliza mwenzako nusu yako ni kiasi gani, bado unaomba.

Walummi, kabila jingine la jimbo hilohilo, waliliona hili mapema. Mwaka 1973, kabla hata ya hukumu, kwenye eneo lao kulianzishwa shule ya ufugaji wa samaki ya kuwafundisha mafundi wa vituo vya kutotolesha samaki na chaza. Mwaka 1983 ikawa chuo cha jamii cha Walummi, na leo ndiyo Northwest Indian College. Chuo kizima kimeota kutoka bwawa la samaki! Nakiri napenda kulitaja hili kila ninapomsikia mtu akidhani chuo lazima kianzie kwenye maktaba.

Nacho kinaendeshwaje? Mfano ulikuwepo tangu 1968, Wanavajo, kabila la kusini-magharibi mwa Marekani, walipofungua chuo cha kwanza kinachomilikiwa na kabila. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1978 ikaweka masharti: ukitaka ruzuku, wengi katika bodi wawe wenyeji, na wengi wa wanafunzi pia. Ni somo lilelile la mtoni limehamia kwenye chumba cha mikutano: anayeguswa na uamuzi ndiye anayekaa mezani. Linganisheni na vyuo vya jimbo vilivyopata mtaji kwa sheria ya 1862 iliyogawa ardhi kwa ajili ya vyuo, ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ilitoka mikononi mwa wenyeji kwa mikataba au bila mikataba. Vyuo vya makabila vilitambuliwa katika mpango huohuo mwaka 1994, miaka 132 baadaye, na havikupewa ardhi, vilipewa fedha.

Sisemi kwamba mambo yamenyooka. Bodi ya kabila inaweza kuvutana na halmashauri ya kabila, na ithibati bado hutolewa na watu wa nje ambao vigezo vyao havikutungwa kando ya mto. Na ruzuku yenyewe huhesabiwa kwa vichwa, tena vichwa vya wanakabila na watoto wao tu. Kijana wa jirani asiye mwenyeji akijiandikisha somo la ufugaji wa chaza, hupewa kiti, huazimwa viatu vya mpira na kusahihishiwa mtihani kama wenzake. Ofisi ya serikali kule mji mkuu, Washington, D.C., ikipiga hesabu ya ruzuku, yeye hayumo.