Una kitu gani nyumbani? Mjane, mwia na madumu ya jirani

Bwana Yesu asifiwe. Tena Bwana asifiwe sana. Nyie mlioko nje chini ya mwembe sogeeni, viti vipo huku mbele, najua watu wa Dar hatupendi kukaa mbele kanisani lakini leo tunaongelea madeni, na mtu aking'ang'ania kukaa nyuma kabisa karibu na mlango tutajua ana sababu zake (kicheko).

Mimi sio mchungaji, mnanijua. Nauza genge, nyanya, dagaa, unga, na mafuta ya kupima. Mama mchungaji aliponiambia nije nifundishe 2 Wafalme sura ya 4, mstari wa 1 mpaka wa 7, nikamwambia mama, si kuna watu hapa wamesoma chuo cha Biblia? Akanijibu, hao hawajawahi kumimina mafuta. Basi nimekuja kama muuza mafuta.

Mmeshaisoma wote. Ni Israeli ya kaskazini, enzi za Yoramu mwana wa Ahabu, mama mmoja kafiwa na mume, mume alikuwa mmoja wa wana wa manabii, yaani wale waliokuwa wakijifunza na kutumika chini ya manabii. Anaenda kwa nabii Elisha analia. Anasema mume wangu amekufa, na wewe unajua alikuwa mcha Bwana, na aliyemwia, yaani aliyekuwa anamdai, amekuja ajitwalie wanangu wawili kuwa watumwa. Hapo tusimame kidogo kwasababu huu mstari wa kwanza huwa tunaupita mbio tukayawahi mafuta.

Mcha Bwana amekufa na deni. Sio mlevi, sio mcheza kamari, mcha Bwana. Kuna mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, Josephus, aliandika kwamba huyu mama alikuwa mjane wa Obadia, yule msimamizi wa nyumba ya Ahabu aliyewaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji (1 Wafalme 18), na kwamba hela ya kuwalisha ndio aliikopa. Biblia yenyewe haimtaji jina, kwahiyo mimi siwezi kuapa ni yeye, lakini naipenda hiyo habari kwasababu inatufunga mdomo. Sisi tukisikia mtu ana madeni kitu cha kwanza tunasema amezoea makuu, kaona jirani kanunua sofa na yeye akataka sofa. Wapo hao, nisidanganye. Ila wapo waliokopa mtoto alipolazwa, wapo waliokopa kwa ajili ya msiba, na wapo waliowekeana dhamana kwenye kikundi, mwenzao akatoroka siku ya marejesho, wakabaki wanalipa hela ambayo hawakuila. Ukimuona mwenzio anadaiwa usikimbilie kumhesabia dhambi.

Halafu muangalie huyo mwia. Anakuja nyumbani kuchukua watoto. Desturi za wakati ule zilimpa nafasi hiyo, mtu akishindwa kulipa yeye au wanae wanakwenda kutumika. Lakini sheria ya Musa ilikuwa imeshaweka breki. Kutoka 22:25 inasema ukimkopesha maskini usiwe kama mwenye kumwia, usimtoze riba. Kumbukumbu la Torati 15, kila mwaka wa saba maachilio, yaani madeni yanaachiliwa. Na sura ya 24 ndio inaniliza mimi, mstari wa 6 inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, maana ni kuchukua uhai wa mtu, yaani kwa leo ni kumbebea fundi cherehani yake, atakulipa na nini? Shuka kidogo mstari wa 10 na 11, umemkopesha mwenzio, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani, simama nje, yeye ndio akutolee. Simama nje! Mungu alikuwa anajali hata heshima ya mlango wa mtu anayedaiwa.

Mimi waliingia. Nilikopa laki tatu kwenye hii mikopo tunayoiita kausha damu, siwataji ni kina nani, rejesho kila Jumatatu, wiki ya tano nikaumwa, ya sita genge likaloa mvua bidhaa zikaoza, ya saba nikaanza kujificha. Nikisikia pikipiki imezima nje nazima redio namwambia mtoto sema mama ameenda Kariakoo. Siku hiyo mtoto akafungua akasema "mama anasema ameenda Kariakoo" (kicheko kirefu). Mnacheka, na mimi leo nacheka, ila siku ile nilitoka chumbani nikawakuta vijana wawili wameshachomoa friji kwenye umeme. Wakatoa soda tatu na chupa ya maziwa wakazipanga vizuri tu sakafuni, wakabeba. Niliiona friji inapita katikati ya mtaa, mlango wake unafunguka funguka, na majirani wote wamekaa barazani.

Kwahiyo kukopa wapi ni jambo la kiroho pia, nasema hivyo kwasababu kuna watu wanafikiri mambo ya leseni sio ya kanisani. Nchi hii ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Sitini na tisa! Ndio zile ukichelewa siku moja wanampigia bosi wako, wanampigia mkweo, wanampigia hata fundi bomba uliyemsevu mwaka juzi. Uliza kwanza. Kuuliza sio kukosa imani.

Tuendelee. Elisha anamuuliza, nikufanyie nini? Niambie, una kitu gani nyumbani? Hili swali limeshahubiriwa mpaka limechakaa, mtu anasimama anakwambia una kipaji ndani yako, una almasi ndani yako. Mimi silioni hivyo. Swali la Elisha ni la kawaida kabisa, ni kama mama anakuuliza kuna nini jikoni. Na jibu la yule mama ni la mtu aliyechoka, sina kitu nyumbani, ila chupa ya mafuta. Kaanza na sina kitu. Ile "ila" imekuja mwishoni, karibu aisahau. Sisi pia tunajibu hivyo hivyo, sina kitu, ila kuna mashine ya kusaga karanga ya marehemu mama ipo uvunguni, sina kitu, ila najua kusuka. Elisha hakumkemea kwa kusema hana kitu. Aliishika ile "ila".

Sasa hapa ndio nilikuwa napataka. Nabii angeweza kusema rudi nyumbani utakuta mafuta yamejaa. Hakusema hivyo. Alimwambia nenda nje, kwa jirani zako wote, ukaombe vyombo vitupu, tena akaongeza, wala usitake vichache.

Mtu mwenye deni kitu cha kwanza anachofanya ni kufunga mlango. Deni linaishi kwenye giza. Mume hajui, watoto hawajui, kwaya haijui, unaimba soprano Jumapili huku simu inatetema kwenye pochi. Na nabii anampa huyu mama kazi ambayo lazima agonge kila mlango wa mtaa. Jirani lazima atauliza tu, mtungi wangu unaenda kuufanyia nini? Na wanajua mwia alishafika, mtaa hauna siri. Atajibu nini? Mimi naamini kugonga milango ile kulikuwa kugumu kuliko kumimina. Kumimina ni mkono tu. Kugonga ni uso.

Kisha sasa ndio funga mlango, wewe na wanao. Angalieni huo mpangilio. Aibu imetolewa nje kwa majirani, muujiza umefungiwa ndani. Sisi tunageuza, tukiwa na shida tunajifungia, tukipata kidogo tunafungua mlango wazi, picha kwenye status, ushuhuda wa dakika arobaini na keki juu. Elisha mwenyewe hakuwepo chumbani. Hakuna mtumishi aliyeshika chupa, hakuna kamera. Mama na vijana wake wawili tu.

Na hao vijana! Ndio waliokuwa wachukuliwe. Biblia inasema wao walikuwa wanamletea vile vyombo, na yeye akamimina. Kwahiyo watoto walilijua deni, na waliubeba ukombozi wao kwa mikono yao, mtungi mmoja baada ya mwingine. Wazazi, tunawaficha watoto tukidhani tunawalinda, halafu mtoto anadai simu mpya kwasababu hajui kama ada ya muhula huu ni hela ya kikoba. Mimi baada ya friji niliwaweka wangu chini nikawaambia tunadaiwa kiasi hiki. Mkubwa akaanza kushinda na mimi gengeni akitoka shule. Sikumwambia afanye hivyo.

Ngoja niwaambie kuhusu kumimina. Dumu la lita ishirini likiwa limejaa halimimini vizuri, linarusha, glu glu glu, linakulowanisha mpaka kwenye kanga, lazima ulilaze mdomo uwe kwa juu ili hewa ipite. Likifika nusu linatulia. Likikaribia kuisha mkono unajua kabla ya jicho, uzito unapungua, uzi wa mafuta unakuwa mwembamba, halafu matone. Usiku nalipindua juu ya beseni naliegemeza ukutani lilale hivyo mpaka asubuhi, napata vijiko viwili vitatu, na hivyo vijiko ni faida yangu, sitanii. Sasa mfikirie huyu mama. Ana kichupa. Anamimina mtungi wa kwanza, mkono wake unasubiri ule wepesi. Hauji. Mtungi wa pili, hauji. Nadhani kuna sehemu aliacha hata kuangalia chupa, akawa ananyoosha mkono tu, mwanangu niletee tena chombo. Na mtoto anajibu, hakuna tena chombo. Mafuta yakakoma.

Hayakukoma kwenye chupa. Yalikomea kwenye idadi ya vyombo. Na idadi ya vyombo ilitegemea nini? Milango aliyogonga, ndio, lakini pia milango iliyofunguliwa. Hapa nawageukia nyie msiodaiwa, maana naona mmekaa kwa raha sana mnawatazama wenzenu. Jirani hakuombwa hela. Hakuombwa alipe deni. Aliombwa sufuria tupu. Kuna dada hapa anahitaji umuangalizie mtoto masaa matatu aende kwenye kibarua. Kuna kijana anahitaji umuazime baiskeli tu. Ukiona mtu anadaiwa unaanza kukwepa macho unadhani ataomba milioni, kumbe anatafuta beseni.

Na wale mnaokopesha, maana mpo, tena mnaongoza ibada. Someni Nehemia 5. Watu wameweka rehani mashamba na mizabibu, binti zao wameshatiwa utumwani, na wanaowakopesha ni ndugu zao wa damu. Nehemia, gavana wao, anakasirika, ila katikati ya kukasirika anakiri kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao wanakopesha. Alijihesabu. Akasema turudishe, mashamba, nyumba, na ile sehemu ya mia ya fedha wanayotoza. Sehemu ya mia ni asilimia moja jamani. Nehemia kagombana na wakuu kwa asilimia moja, na hapa kuna mtu anamtoza mwanakwaya mwenzake elfu ishirini kwenye laki kwa wiki, halafu anasema tumsifu Bwana. (Kimya.) Eeh, hapo hamcheki.

Mwisho wa habari mama anarudi kwa Elisha. Mimi ningeuza kwanza nikanunua kitenge. Yeye karudi kuuliza, na nabii anamwambia enenda ukayauze mafuta, uilipe deni yako, nayo yaliyosalia uyatumie wewe na wanao. Deni kwanza. Muujiza wa Mungu umeingia sokoni, umeuzwa, na hela imeenda kwa mwia, yule yule aliyetaka kuchukua watoto. Hakusema Bwana amekufutia deni kwa damu ya mwanakondoo usilipe. Kuna tabia humu ndani ya kukopa kwa mpendwa halafu ukidaiwa unasema "mpendwa mbona huna upendo". Zaburi 37:21 ina jina la mtu anayekopa asilipe, na sio mpendwa, ni asiye haki. Mimi nilimaliza yangu kwa miezi kumi na moja, elfu tano tano, nilienda mwenyewe hata wiki nilizokuwa na elfu mbili. Friji sikuipata tena, ilishauzwa.

Muda umeisha, naona mzee wa kanisa ananionyesha saa. Swali moja? Haya dada wa gauni la kijani.

(Aliuliza: je, vile vyombo vya jirani alivirudisha?)

Aah, swali zuri, na Biblia haisemi. Lakini alipouza mafuta lazima wateja walikuja na vyombo vyao au aliwahamishia, kwahiyo mitungi ilirudi kwa wenyewe. Na kwetu sisi chombo cha jirani hakirudi kitupu, unaweka hata ndimu mbili. Yule mama sijui aliweka nini. Ila mtungi uliowekwa mafuta hata uuoshe na majivu mara tatu harufu haitoki, nina madumu nyumbani ni ushahidi. Kwahiyo nawaona wale jirani kila mmoja anafungua mtungi wake jikoni kwake, anauinamia, ananusa.