Ndege ya turubai na wasichana waliobeba mabomu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mlipoambiwa nitazungumzia ndege za mabomu za Vita vya Pili vya Dunia, huenda mlitarajia madude ya chuma yenye injini nne. Nimewaletea ndege ya mbao na turubai.

Inaitwa Po-2. Aliyeibuni ni Nikolai Polikarpov, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1928, kwa ajili ya kufundishia marubani wapya. Ilinyunyizia pia dawa mashambani. Warusi waliibandika jina la kukuruznik, kutokana na neno lao la mahindi. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 150 kwa saa, basi.

Hiyo ndiyo iliyokabidhiwa Rejimenti ya 588 ya Kisovieti, chini ya Yevdokia Bershanskaya. Marubani, waongoza njia na mafundi, wote wanawake, wengi wao wasichana wa miaka ishirini na kidogo. Waliingia vitani Juni 1942.

Mchana ingetunguliwa mara moja, kwa hiyo waliruka usiku. Rubani akikaribia shabaha alipunguza injini, akashuka polepole kama kishada, na waliokuwa chini wakasikia upepo tu ukivuma kwenye nyaya za mabawa. Wajerumani waliwaita wachawi wa usiku. Mlio wa ile injini wakaufananisha na cherehani.

Lakini turubai huwaka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1943, huko Kuban, kusini mwa Urusi, zilipotea ndege nne na wanawake wanane. Parachuti hawakuwa nazo hadi 1944. Uzito wake uliachiwa mabomu.

Na mabomu hayo, nani aliyeyapandisha? Hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu wasimulizi wengi hubaki angani. Po-2 iliweza kubeba hadi kilo 300, zikining'inia chini ya mabawa. Ikienda mara nane kwa usiku mmoja, hizo ni kilo 2,400 kwa ndege moja tu, zilizonyanyuliwa kwa mikono na wasichana waliopiga magoti kwenye tope, gizani. Majira ya baridi walivua glavu, maana kiwashio cha bomu hakifungiki na vidole vilivyofunikwa, na chuma kilichoganda hung'ang'ania ngozi.

Waliacha hata utaratibu wa kila fundi na ndege yake. Huyu aipokee ndege ikitua, yule atie mafuta, wale wapakie, na dakika chache baadaye imeshapaa tena. Rubani Irina Sebrova aliruka vitani zaidi ya mara 1,000, na kila mara kuna mtu aliyemtundikia mabomu yake.

Wanawake zaidi ya 20 wa rejimenti hiyo walitunukiwa nyota ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, heshima ya juu kabisa ya nchi hiyo. Wote ni marubani na waongoza njia. Mpakia bomu, hata mmoja hayumo.