Hewa Inafika Wapi? MRI na Utendaji wa Mapafu

Ndugu zangu, mgonjwa wa pumu akifika kliniki huambiwa avute pumzi mpaka mwisho, kisha apulize kwa nguvu kwenye spirometa, kifaa cha kupima pumzi. Majibu yanayotoka ni ya mapafu yote mawili kwa jumla. Kipande cha chini kushoto kinaweza kuwa kimeziba, vingine vikakibebea mzigo, na karatasi bado ikasoma kawaida.

CT, yaani picha za eksirei za vipande vya mwili, inaonyesha umbo vizuri, ila ina mionzi. MRI, inayopiga picha kwa sumaku, haina, lakini inategemea haidrojeni ya kwenye maji, na pafu limejaa hewa. Kibaya zaidi, hewa inapopakana na tishu uga wa sumaku huvurugika, mawimbi yanayotengeneza picha yakafifia ndani ya milisekunde chache tu. Ndiyo maana kwenye picha za kawaida za MRI mapafu huonekana meusi.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliamua kuipiga picha gesi yenyewe. Walitumia gesi ya zenoni-129 kwenye mapafu ya panya yaliyokwisha kutolewa mwilini. Gesi hiyo huandaliwa kwanza: mvuke wa rubidi humulikwa kwa leza, nao huipokeza zenoni mpangilio wa sumaku, mawimbi yakapata nguvu maelfu ya mara. Siku hizi mgonjwa huvuta mfuko mmoja wa gesi hiyo, akabana pumzi sekunde kumi na kitu, basi. Panapong'aa hewa imefika. Ni kazi ya haraka, kwa sababu oksijeni ya pafuni huufuta mpangilio huo upesi.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kwamba zenoni huyeyuka. Ikipenya ukuta wa kifuko cha hewa, masafa ya mawimbi yake hubadilika. Ikiingia kwenye seli nyekundu, hubadilika tena. Hapo unapima hata gesi inavyovuka kuingia damuni. Watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Sheffield, Uingereza, ndivyo walivyoona kasoro kwa watu waliobaki wakihema baada ya UVIKO-19, ilhali CT zao zilikuwa safi.

Marekani iliidhinisha zenoni hii Desemba 2022, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Lakini leza, gesi na koili zake za kunasa mawimbi ni ghali mno. Kwa hospitali zetu ningeanza na njia nyingine: mgonjwa anapumua kawaida, picha zinapigwa mfululizo, kompyuta inatenganisha mabadiliko yanayofuata pumzi na yanayofuata mapigo ya moyo. Unapata ramani ya hewa na ramani ya damu, bila gesi yoyote. Aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu upande mmoja, daktari wa upasuaji angependa kuziona zote mbili kabla hajaamua akate wapi.