Dawa za Sonona kwa Mama Anayenyonyesha

Ndugu wauguzi, wakunga na wafamasia wenzangu, nanyi akina mama mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, nawashukuru. Swali nililopewa ni moja: mama anayenyonyesha akigundulika kuwa na sonona na akaandikiwa dawa, je, amwachishe mtoto ziwa? Nitaanza na jibu, kisha nieleze sababu zake. Kwa walio wengi, mama ameze dawa na aendelee kunyonyesha.

Nimelitanguliza jibu kwa sababu ya mama mmoja niliyekutana naye miaka ya nyuma. Aliambiwa kwenye dirisha la dawa, kwa sentensi moja tu, kwamba dawa ile na ziwa haviendi pamoja. Akarudi nyumbani, akaiweka dawa juu ya kabati na kuendelea kunyonyesha huku ugonjwa ukimzidi, mpaka siku mama mkwe wake alipomkuta ameketi kitandani, mtoto analia pembeni yake, naye hana nguvu hata ya kunyoosha mkono. Aliyemwambia vile alikuwa akimhofia mtoto, lakini mtoto yuleyule ndiye aliyeumia, kwa sababu mama asiyetibiwa hushindwa kumnyonyesha kwa utaratibu, kumchekea na kumpeleka kliniki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Sizungumzii yale majonzi ya siku za mwanzo, ambayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili.

Sasa tuangalie dawa inavyosafiri. Mama akishaimeza huingia katika damu yake, na sehemu ndogo hupenya hadi kwenye maziwa. Ili kujua udogo huo, wataalamu huchukua kiasi anachokipata mtoto kwa kila kilo ya uzito wake na kukilinganisha na kiasi anachokimeza mama kwa kila kilo ya uzito wake. Kikiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kinakubalika. Sertralini, mojawapo ya dawa za sonona, hubaki chini ya asilimia 3, na mara nyingi damu ya mtoto ikipimwa dawa haionekani kabisa, ndiyo maana hutajwa mwanzo kwa mama anayeanza matibabu. Paroksetini haiko mbali nayo. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, nayo hupita kwa kiasi kidogo, ingawa ndugu yake doksepini tunaiepuka, kwa kuwa imewahi kuripotiwa kumletea mtoto usingizi mzito na shida ya kupumua.

Fluoksetini inahitaji maneno zaidi. Hupita kwenye maziwa kwa wingi kuliko hizo nyingine, na kwa baadhi ya akina mama huvuka ile asilimia 10. Tena hukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo inaweza kujikusanya kwa mtoto mchanga ambaye ini lake halijakomaa. Hata hivyo, mama aliyeitumia katika ujauzito na ikamsaidia, tusikimbilie kumbadilishia kwa sababu tu amejifungua. Mtoto wake aliipata kwa wingi zaidi akiwa tumboni kuliko atakavyoipata kwenye ziwa, na kubadilisha dawa katika wiki za mwanzo kunaweza kumrudisha mama kwenye ugonjwa.

Tumtazame mtoto, hasa aliye chini ya miezi miwili, na zaidi mtoto njiti. Je, analala kupita kawaida yake hata haamki kunyonya? Analialia bila kutulia? Ananyonya kwa uvivu? Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi? Mama akiona mabadiliko hayo amrudishe mtoto kituoni mapema, lakini asiiache dawa ghafla, kwa maana kuikata kwa siku moja humletea kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, na sonona yenyewe inaweza kurejea kwa nguvu. Kukamua maziwa na kuyamwaga hakuhitajiki.

Naomba pia wenzangu tuulize kabla ya kuandika dawa: mama amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, akakesha usiku bila kuchoka na kutumia fedha ovyo? Huyo anahitaji daktari wa magonjwa ya akili, kwa kuwa dawa ya sonona peke yake inaweza kumvurugia hali. Na mama anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto asirudishwe nyumbani na karatasi ya tarehe. Apatiwe msaada siku hiyohiyo, akiwa na ndugu wa kumshika mkono.

Kwa wengine wote, dawa huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi yake. Mama aambiwe hivyo siku ya kwanza, tena mbele ya mume au mama mkwe, ili katika wiki hizo awepo mtu wa kumbebea mtoto naye apate kulala.