Niletee Vijiko Vitatu

Ndugu wazazi na walezi, nawashukuru kwa kunialika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima hapa Tanzania, na tangu hapo nimeona wazazi wengi wakihangaika ili mtoto afike darasani akiwa tayari anajua kitu. Hamu hiyo ni njema. Leo nitazungumzia sehemu moja tu ambayo mara nyingi tunaikosea, nayo ni kuhesabu.

Mwaka jana mjukuu wangu, akiwa na miaka mitatu na nusu, alisimama mbele ya wageni akahesabu moja hadi ishirini bila kukwama, tukampigia makofi. Muda si mrefu nikamwomba aniletee vijiko vitatu kutoka jikoni, naye akaja ameshika vijiko tele, vinamdondoka njiani. Hakuwa mkaidi hata kidogo. Majina ya namba aliyajua kama anavyojua maneno ya wimbo, ila hakuwa ametambua kwamba tatu ni kiasi. Watafiti wa makuzi ya watoto wamekwisha kulieleza jambo hili: mtoto hutambua kwanza maana ya moja, baadaye mbili, baadaye tatu, na kati ya hatua moja na nyingine huweza kupita miezi, hata kama mdomo wake ulifika ishirini zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chati ya kubandika ukutani, mpeni mtoto kazi. Mnapochambua maharage, mtengeeni punje chache, aguse kila punje na kuisogeza kando huku akiitaja namba yake, kwa sababu mtoto anayehesabu kwa macho tu huiruka punje moja na kuirudia nyingine. Akimaliza, muulizeni ziko ngapi. Akianza tena tangu moja, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu, msimkaripie, bali malizieni ninyi: "Moja, mbili, tatu, nne. Punje nne."

Kiswahili chenyewe kinatusaidia sana hapa. Tunasema kijiko kimoja, vijiko viwili, vijiko vitatu, na mtoto anayetamka "vitatu" ameshaifunga namba kwenye vitu vilivyo mbele yake. Siku akisema "visita", furahini, maana ameishika kanuni, na kwamba sita, saba na tisa hazibadiliki atalijua kwa kuwasikiliza ninyi.

Faida nyingine iko kwenye kumi na moja. Watoto wanaokua na Kiingereza hujifunza hapo jina jipya lisiloionyesha kumi, lakini letu linasema wazi kilichomo. Chukueni njiti za ufagio wa chelewa, fungeni kumi kwa uzi, wekeni moja pembeni, kisha tajeni. Ishirini ni neno la asili ya Kiarabu na halimwambii mtoto kwamba ndani yake mna kumi mbili, basi hapo mwonyesheni mafungu mawili na msiwe na haraka.

Juzi mjukuu wangu alituhesabu sebuleni kwa kumgusa kila mtu gotini, akaenda jikoni, akarudi na vijiko vitano. Aligawa hadi akafika kwangu mkono ukiwa mtupu. Akanitazama, akasema, "Bado kimoja, bibi," akarudi kukifuata.