Jinsi ya Kuunda Modeli ya Avro Arrow, Ndege Iliyokatwakatwa

Karibu mtazamaji. Leo mezani tuna Avro Arrow, ndege ya kivita ya Kanada ambayo mradi wake ulifutwa tarehe 20 Februari 1959. Ziliruka tano tu, kisha zikakatwakatwa zikawa vyuma chakavu. Sehemu ya pua ya ndege ya sita ilinusurika, na leo iko kwenye makumbusho ya anga mjini Ottawa. Kwa hiyo hakuna ndege nzima ya kwenda kupima. Tafuta picha za wakati ule, ziweke mbele yako, na ziamini kuliko mchoro wa kwenye boksi.

Kwanza chagua namba. RL-201 hadi RL-205 ndizo zilizoruka, zote zikiwa na injini za J75 kutoka Marekani. RL-206 ilipangiwa injini za Iroquois zilizobuniwa Kanada kwenyewe, na haikupata kuruka. Mimi naunda RL-201, aliyoirusha Janusz Żurakowski kwa mara ya kwanza tarehe 25 Machi 1958.

Tunatumia kipimo cha 1 kwa 72, hivyo mabawa ya mita 15.24 yanakuwa sentimita 21 hivi. Kata vipande kwenye fremu ya plastiki inayovishikilia, acha kijisehemu kidogo, halafu kimalizie kwa msasa. Chumba cha rubani paka rangi sasa hivi, maana kikishafunikwa hukifikii tena.

Usifunge kiwiliwili bado. Shikanisha vipande vyote kwa tepu, miguu pia, uone kama ndege inakalia mkia. Ikikalia mkia, jaza vipande vya madini ya risasi puani viwe uzito, kidogo kidogo, mpaka pua itulie chini. Ongeza kimoja cha akiba, kisha ndipo ubandike.

Sasa mabawa. Hapa nakuomba usiharakishe. Bawa la Arrow ni pembetatu kubwa lililokaa juu ya kiwiliwili, na linainama kidogo kuelekea nchani. Ukilinyoosha, ndege inapoteza sura yake yote. Bandika, weka vitabu chini ya kila upande, kisha pima kwa rula kutoka mezani hadi kila ncha. Vipimo vikitofautiana hata milimita moja, rekebisha kabla gundi haijashika. Nyufa zijaze kwa puti, na ikikauka piga msasa wa maji.

Rangi ni nyeupe, na nyeupe haifichi kitu. Anza na rangi ya msingi ya kijivu. Mikwaruzo yote itajitokeza, nawe uisafishe. Halafu pulizia nyeupe nyembamba sana. Mkono wa kwanza utaona kama hujafanya kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Acha ikauke, rudia mara nne au tano. Ukimwaga nyingi kwa pamoja itajaza mistari inayoonyesha maungio ya mabati, na huwezi kuirudisha.

Miguu ya nyuma inafurahisha. Kila mguu una magurudumu mawili, moja mbele ya jingine, kwa sababu bawa ni jembamba: kwenye ndege halisi mguu ulijifupisha na kujizungusha ili uingie ndani. Hakikisha magurudumu yote manne yanagusa meza.

Stika za maji zitumbukize sekunde chache, ziache zilainike, kisha ziteleze mahali pake kwa brashi yenye maji. Angalia bendera ya kwenye mkia. Bendera ya jani jekundu tunayoijua leo ilianza kutumika 1965, Arrow ikiwa imeshakwisha kukatwa. Yake ni ile nyekundu ya zamani yenye bendera ya Uingereza pembeni. Boksi likikuletea ya jani, iache.

Mrija mwembamba wa puani bandika mwisho kabisa, kwa tone dogo la supagluu. Ukitangulia utauvunja, kwa kuwa ndio unaokutana na mkono kila unapoigeuza ndege.