Kutoka Tarumbeta la Kanisani Hadi Jukwaa la Jazi Ujerumani

Kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe, mugonile wa Tukuyu na Kyela, na karibuni wote mnaonitazama kutoka Mbeya mjini, Mafinga na Makambako. Video ya leo ni ya wapuliza tarumbeta. Mdogo wangu uliyekulia kwenye bendi ya matarumbeta ya Moravian au ya KKKT, unapiga Jumapili, unapiga misibani na harusini, na sasa jazi imekuingia unajiuliza kama unaweza kuja huku Ujerumani ukaishi kwa kazi hiyo. Mtaji wako ni mkubwa kuliko unavyodhani. Pumzi unayo, midomo imekomaa, sauti nne unazisikia bila kutafuta. Wengi hawaangushwi na kipaji. Wanaangushwa na mambo ambayo yangerekebishwa wakiwa bado nyumbani, na baada ya hapo wanaangushwa na karatasi za viza na vibali.

Tuanze na nota, maana hapo ndipo mtu anapokwama siku ya kwanza kabisa. Bendi za kanisa za Kijerumani, tangu enzi za mchungaji Johannes Kuhlo, zinaandika nota kama inavyosikika kwenye piano. Kama mwalimu wako alifundishwa kwa njia hiyo, amekufundisha kwamba ukipuliza bila kubonyeza pistoni yoyote unapata B flat au F. Sasa kwenye jazi, karatasi ya tarumbeta huandikwa toni nzima juu zaidi: sauti ile ile ya wazi inaitwa C au G. Unawekewa karatasi, unaiona C ya chini, ile yenye kamstari kake peke yake chini ya mistari mitano. Vidole vyako vinakwenda pistoni ya kwanza na ya tatu. Wenzako pembeni hawajabonyeza kitu. Wao wanatoa B flat, wewe unatoa C, na hapo hakuna aliyepiga vibaya. Kila mmoja kasoma alivyofundishwa.

Dawa yake ni kuvipa vidole majina mapya. Usijaribu kuhesabu toni kichwani huku wimbo unakwenda, kwa kasi ya jazi hutafika popote. Tafuta kitabu chochote cha mazoezi cha tarumbeta la B flat, soma dakika 15 kila siku, polepole, ukitaja jina la nota kwa mdomo kabla ya kuipuliza. Usomaji wa kanisani usiuache, kwa sababu bendi za kanisa za huku zipo nyingi na ni mahali pazuri pa kupata watu wa kukupokea. Ninyi wa tromboni hili haliwahusu, nota zenu zinasomwa zinavyosikika pande zote. Lakini wote mjue jambo moja: Mjerumani akisema B anamaanisha B flat, na ile B ya kawaida anaiita H. Ukiwa na wasiwasi jukwaani, tumia vidole: viwili vikielekea chini ni flat mbili, yaani kii ya B flat; vikielekea juu ni sharp.

Wanakwaya mliolelewa na sol-fa, hamjui mnachokimiliki. Kwenye sol-fa do inahama na kii, na jazi inataka hivyo hivyo: wimbo ule ule leo F, kesho A flat, kwa sababu mwimbaji kataka. Ule mwendo wa kordi unaojirudia kwenye nyimbo nyingi sana za jazi ni re, sol, do tu. Uimbe kwanza kwa sol-fa, kisha uupulize kwenye kii zote 12.

Halafu bluzi ya vipimo 12. Anza na F ya piano, na nota zote hapa nazitaja kwa majina ya piano. Chukua kordi mbili za mwanzo, F7 na B flat 7, na kwenye kila moja piga nota mbili tu, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka nota inayoipa kordi jina. F7 inakupa A na E flat. Ukihamia B flat 7, A inashuka nusu toni kuwa A flat, na E flat inashuka nusu toni kuwa D. Basi. Ukizipiga hizo kwa wakati wake, msikilizaji anasikia kordi imebadilika hata kama hakuna piano wala gitaa. Anayekimbilia kupuliza skeli juu chini bila kujua nota hizi anapotea kwenye kipimo cha tano, na watu wanamsikia akipotea.

Mdundo nao. Bendi ya kanisa inakanyaga moja na tatu kama maandamano. Weka metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, kwenye 60 kwa dakika na uihesabu kuwa ni pigo la pili na la nne. Wimbo unakuwa kwenye 120. Wiki za mwanzo utaona metronomu inakugeuka, ghafla inalia kwenye moja. Ni wewe umeteleza. Simama, ingia upya.

Ukifika, mlango wa kazi ni zile jioni za wazi baa na vilabuni ambapo yeyote anaruhusiwa kupanda. Andikisha jina, taja wimbo unaoujua bila karatasi, sema kii, hesabu kasi kwa sauti. Zamu yako ya kubuni ikifika, uzungukie wimbo mara mbili au tatu, kisha mwachie mwenzako. Anayepiga mizunguko minane haitwi tena. Na wakati wa baridi, kabla ya kupanda, puliza hewa ya moto ndani ya chombo bila kutoa sauti, maana chombo kilichopoa kinashuka. Watu wa Njombe hili mnalijua kwa asubuhi za Julai. Huku bendi nyingi zinatyuni A kwenye hezi 442, juu kidogo ya 440 ya kawaida, kwa hiyo ukiwa baridi uko chini kweli kweli.

Sasa njia yenyewe ya kufika. Mtazameni mpiga tarumbeta Hugh Masekela. Amezaliwa Witbank, Afrika Kusini, mwaka 1939. Tarumbeta alilipata shuleni kupitia padri Trevor Huddleston. Baada ya mauaji ya Sharpeville, Machi 1960, akaondoka, akapita Guildhall School jijini London, kisha Manhattan School of Music jijini New York. Shule ndiyo iliyompa karatasi, na watu waliomfahamu kabla hajapanda ndege ndio waliomfungulia shule. Kisha wakubwa kama Miles Davis wakamshauri asipige bebop, ile jazi ya kasi, kama Mmarekani mwingine, achanganye na muziki wa kwao. Mwaka 1968 wimbo wake ukashika namba moja Marekani. Kijana wa Tukuyu, midundo ya ing'oma usiiache nyumbani.

Na muwatazame bendi ya jazi ya Blue Notes, wenzake wa Afrika Kusini pia. Walialikwa tamasha la Antibes, Ufaransa, mwaka 1964, wakabaki Ulaya. Wapigaji wa hali ya juu, lakini kazi zilikuwa haba. Mpiga tarumbeta wao, Mongezi Feza, alifariki London Desemba 1975 akiwa na miaka 30, kwa nimonia. Linaniuma kila nikilisoma.

Kwa hiyo bima ya afya ije kabla ya maikrofoni. Mwanafunzi chini ya miaka 30 anaingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi. Ukishavuka 30, gharama inapanda sana, basi msicheleweshe maombi. Ukishakuwa msanii wa kujitegemea kuna Künstlersozialkasse, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wasanii: unalipa nusu ya michango ya bima na pensheni, nusu nyingine inatoka serikalini na kwa kampuni zinazotumia wasanii. Sharti ni kipato cha sanaa kisichopungua euro 3,900 kwa mwaka, na miaka 3 ya mwanzo unasamehewa kiwango hicho.

Viza ya masomo inataka Sperrkonto, akaunti iliyozuiwa. Tangu Septemba 2024 unaweka humo euro 11,904 za mwaka mzima, kisha unachukua 992 kila mwezi. Thibitisha kiwango cha mwaka wako na ubalozi Dar es Salaam. Kibali hicho kinakuruhusu siku 140 za kazi ya kuajiriwa kwa mwaka. Kupiga shoo kwa kuandika ankara yako mwenyewe ni kujiajiri, na kunahitaji ruhusa ya Ausländerbehörde, ofisi ya wageni. Iombeni kwa maandishi kabla ya shoo ya kwanza, hata kama mwenye klabu anasema haina shida. Atakayeulizwa siku ya kuongeza kibali ni wewe.

Vyuo vyenye idara ya jazi ni kama Leipzig, Köln, Dresden, Hamburg, Weimar na Mannheim. Huyo wa mwisho yuko Baden-Württemberg, ambako asiye wa Ulaya analipa ada ya euro 1,500 kwa muhula. Mtihani wa kuingia una kupiga chombo, kubuni papo hapo, piano kidogo, nadharia na sikio. Mara nyingi maombi yanafungwa mwishoni mwa Machi kwa masomo ya Oktoba, na chuo kikitaka video, irekodi kwa mkupuo mmoja bila kukata, chombo na mikono vikionekana. Piga nyimbo tatu: bluzi, wimbo wa polepole, na mmoja wa kasi.